Thina si thina: kufunika ndege kwa kitambaa katika joto la Voi

Leo naweka kando siasa za kaunti na bei ya samaki, niwapeleke Voi, nyuma ya gereji moja isiyo mbali na barabara kuu, ambako kijana wa jamaa yangu anaunda ndege. Naam, ndege ya kupandwa na mtu. Mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa ni ya mbao, kiti ni kimoja, na injini ingali kwenye sanduku lake. Habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyejiundia ndege nyumbani, tulizisikia zamani, kwa hivyo sikucheka nilipoambiwa. Nilicheka nilipoona mkia umeegemezwa kwenye banda la kuku.

Aliniita kwa neno moja: "Ami, njoo uone kitu." Alikuwa amekwisha kufunika usukani, kile kipande cha mkia kinachoigeuza ndege kushoto na kulia, kwa kitambaa cha poliesta. Alikigundisha pembezoni akakipaka rangi mara mbili. Kwa macho ulipendeza. Kisha akaingiza ukucha ukingoni, akavuta taratibu, na kitambaa kikaja chote pamoja na gundi na vanishi, kama ganda la ndizi iliyoiva. Mbao zikabaki tupu. Ile vanishi iliyong'oka ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa.

Chini ya meza palikuwa na mkebe wa lita tano wa thina ya hai-glosi, ya hadiwea. Alipomwuliza muuzaji kama inafaa kwa gundi na rangi alizoagiza kutoka nje, alijibiwa, "Thina ni thina." Jibu hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Kosa lile lingefanyika kwenye bawa, likajificha hadi siku ya kuruka, leo tungekuwa tunamsomea mtoto wa watu hitima.

Mimi si rubani. Nilisomea ufundi mitambo hadi diploma, na kabla ya kushika kalamu nilishika bunduki ya rangi kwa miaka kadhaa kwenye karakana za magari. Ya magari niliyajua. Ya kitambaa ilibidi nisome upya, kwenye miongozo ya watengenezaji, na nikakuta kwamba nusu ya mazoea yangu ya gereji hayafai kabisa kwenye ndege.

Kazi ya rangi kwenye kitambaa

Mtu wa pwani hapaswi kupata taabu kuelewa jambo hili. Chombo hupakwa deheni ya chokaa na shahamu sehemu inayozama, na juu ya maji hupakwa sifa ya papa. Hakuna nahodha anayesema mafuta ni mafuta. Kila kimoja kina mahali pake na sababu yake, na anayekosea hulipwa na bahari.

Kitambaa cha ndege kikiwa kitupu hupitisha upepo na huliwa na jua. Tabaka la kwanza la rangi huziba matundu ya ufumaji na kuzikumbatia nyuzi. Tabaka la kati huzuia mwanga. La juu ndilo la urembo, na ndilo watu hulifikiria peke yake. Thina huingia kwenye matabaka yote, kisha hupotea hewani, ndiyo maana watu huidharau. Lakini kabla ya kupotea inakuwa imeamua mambo mawili: rangi imepenya kiasi gani ndani ya nyuzi, na tabaka la juu limeyeyusha kiasi gani cha tabaka la chini ili yashikane. Ikiwa dhaifu, matabaka hukaa moja juu ya jingine kama karatasi. Ikiwa kali mno, huchimba hadi kwenye vanishi ya mbao, na hapo ndipo ule usukani ulipoharibikia.

Thina tunazouziwa hadiwea, ile ya standadi na ile ya hai-glosi, ni michanganyiko ya viyeyushi kadhaa, na mchanganyiko wake kiwanda ndicho kinachoujua. Mkebe hauelezi kilichomo wala kiasi gani. Uliyonunua mwezi huu huenda isiwe sawa na ya mwezi ujao, hata kama kibandiko ni kilekile. Kwa geti la chuma haina neno. Kwa kuoshea brashi na bunduki ya rangi ni nzuri sana, na huko ndiko nilikomwambia kijana aipeleke.

Nchi hii iliziona zamani

Ndege za kitambaa si ngeni Taita Taveta. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza walileta ndege za majini pwani ya Rufiji kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta. Joto na unyevu wa pwani yetu uliziharibu ndege zile haraka. Gundi ya mbao ililegea na viungo vikaachana. Baadaye wakaleta nyingine, Caudron na Henri Farman, wakazirusha kutoka kisiwani Mafia, na manowari ile ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Mwaka huohuo Caudron zikahamishiwa Maktau, kwenye reli ya kijeshi iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 chenye marubani kutoka Afrika Kusini kikateremkia Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni, kikiwa na ndege za BE2c na Farman.

Zote hizo zilikuwa mbao, waya na kitambaa cha kitani, ndugu wa matanga yetu ya merikani. Kitani kile kilikazwa kwa rangi maalumu inayoitwa dopu, ambayo hukivuta kitambaa inapokauka hadi kinalia kama ngoma ukikigonga. Waingereza walijifunza kwa hasara kwamba jua hukila kitani kilichopakwa dopu isiyo na rangi, wakatengeneza dopu ya hudhurungi iliyoitwa PC10, yenye madini ya chuma na masizi ndani yake, ili kuuzuia mwanga. Kwa nchi za joto ikaja PC12, nyekundu zaidi. Kumbe ile rangi ya vita tunayoiona kwenye picha haikuwa ya kujificha peke yake. Ilikuwa mwavuli wa kitambaa.

Voi yenyewe ina kumbukumbu yake. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton aliruka kutoka kiwanja cha Voi kwa ndege yake ya Gipsy Moth, ikaanguka ikaungua. Alikufa yeye na Kamau, mtumishi wake, ambaye vitabu vingi humtaja kwa nusu sentensi. Sisemi rangi ndiyo iliyoiangusha. Nasema ndege za zama zile zilivaa kitambaa na dopu, na moto ukishazipata haukuwa na subira. Hata leo ukisimama karibu na lango la Tsavo Mashariki utaona zile ndege ndogo za doria, Super Cub, zikipita chini chini juu ya vichaka. Zile pia zimefunikwa kwa kitambaa. Ufundi huu haujafa, umebadilisha kitambaa tu.

Pamba na kitani zimeipisha poliesta. Poliesta ya ndege haikazwi kwa dopu, hukazwa kwa pasi: kwanza joto la nyuzi 121 za selsiasi, mwisho nyuzi 177, wala usivuke hapo, maana ukizidisha sana kitambaa hulegea badala ya kukaza na hakirudi tena. Usiamini gurudumu la pasi ya nyumbani. Lipime kwa kipimajoto, uweke alama zako mwenyewe. Na kitambaa kiwe cha ndege kweli. Poliesta ya mapazia utakayoipata Biashara Street imekwisha kupikwa kiwandani ili isirudi ikifuliwa, kwa hivyo hata uipige pasi mpaka usiku haitakazika inavyotakiwa.

Dopu mbili na tabia zake

Anayetaka njia ya zamani bado anaweza kutumia dopu juu ya poliesta, lakini ajue ziko mbili. Dopu ya naitreti hushika vizuri kwenye nyuzi, na hiyo ndiyo hutangulia. Dopu ya butireti huvumilia jua na petroli zaidi, na haiwaki kwa pupa kama mwenzake, ndiyo hufuata juu. Butireti juu ya naitreti ni sawa. Naitreti juu ya butireti ni kosa, haishikani. Na butireti ukiianzisha moja kwa moja juu ya poliesta, inakaa juu juu tu, siku moja itatoka kama ngozi ya nyoka.

Kila dopu ina thina yake. Usiipe butireti thina ya naitreti kwa kuwa ndiyo iliyobaki mkebeni. Tena poliesta, tofauti na pamba, nyuzi zake hazinywi kitu. Ushikaji wote unatokana na rangi kuuzunguka uzi pande zote, kwa hivyo tabaka la kwanza lazima liwe jepesi vya kutosha kupenya. Lakini likiwa maji kabisa litapita, litadondoka ndani ya bawa na kukauka kama matone ya nta upande wa pili. Brashi iliyokamuliwa, mkono mwepesi, tabaka moja bila kurudiarudia. Hili halifundishiki kwa maandishi. Tengeneza fremu ndogo ya mbao ukubwa wa meza ya kahawa, uiharibu hiyo kwanza.

Mfumo wa vinili

Kijana wetu alikuwa ameagiza mfumo wa vinili, ule wa Poly-Fiber, na mimi namuunga mkono. Gundi yake ni Poly-Tak, rangi ya kuzibia ni Poly-Brush ya waridi, ya kuzuia jua ni Poly-Spray ya fedha, na ya mwisho ni Poly-Tone. Viyeyushi vyake vinajulikana. Gundi huzimuliwa kwa MEK, yaani methili ethili ketoni, na rangi za kupuliza zina thina zake mbili: R65-75 kwa hali ya hewa ya wastani, na RR8500, inayokauka polepole, kwa joto la kama nyuzi 30 kwenda juu. Kuna na BR-8600 ya kuongezwa kidogo siku ya unyevu.

Sababu kubwa ya kuupenda ni ukarabati. Ukitoboka mahali, unasugua kwa kitambaa chenye MEK, matabaka yanalainika hadi chini, unabandika kiraka na kupaka upya, na kiraka kinashikana na vya zamani kana kwamba vilizaliwa pamoja. Mtu aliye Voi, mbali na karakana za Uwanja wa Wilson, anahitaji kitu anachoweza kukirekebisha chini ya mwembe. Tena rangi yake ikikauka haishiki moto kirahisi. Haing'ari kama gari la harusi, hilo ni kweli. Avumilie.

Lakini MEK ndiyo hiyohiyo inayokula vanishi. Vanishi ya kawaida ya fanicha na rangi nyingi za chuma zenye kopo moja haziwezi kusimama mbele yake. Mbao zinataka vanishi ya epoksi ya makopo mawili, na mabomba ya chuma praima ya epoksi, vyote vikauke kwa muda ulioandikwa kabla ya gundi kufika. Jaribio lake ni rahisi hata mtoto ataliweza: lowesha tambara kwa MEK, liweke juu ya kipande kilichopakwa vanishi, subiri dakika chache, kisha kwangua kwa ukucha. Ikilainika, anza upya. Usukani ule ulipakwa vanishi ya milango. Hata thina ingekuwa sahihi, ungeng'oka. Thina ya hadiwea iliharakisha tu, na ikaidhoofisha na gundi juu yake. Na ukiwa na sponji nyeupe ya plastiki ndani ya bawa, ile ya kufungashia televisheni, viyeyushi hivi vitaila mbele ya macho yako.

Joto la Voi, unyevu wa Mombasa, ukungu wa Wundanyi

Hapa ndipo miongozo ya Marekani inapomwacha fundi wetu nusu ya njia, kwa kuwa katika mwendo wa saa chache wa gari tuna hali tatu za hewa ambazo kila moja inataka thina yake.

Thina inapokauka huchukua joto kutoka kwenye kitambaa, na kitambaa hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke hugeuka umande juu ya rangi mbichi. Kwenye dopu maji hayo huitoa selulosi kwenye mchanganyiko kabla ya wakati, na rangi hupauka ukungu mweupe. Wengi huupakia rangi nyingine juu wakidhani ni kasoro ya sura. Si ya sura, tabaka lile ni dhaifu. Mombasa na Malindi, ambako hewa huwa nzito karibu mwaka mzima, shida hii ndiyo ya kwanza. Wundanyi, ukungu unaposhuka asubuhi kwenye vilima vya Taita, usithubutu hata kufungua kopo. Dawa ni kusubiri hewa ikauke, au kutumia thina ya polepole ili kitambaa kisipoe ghafla. Tabaka la dopu lililokwisha kupauka mara nyingi huokolewa kwa kupulizia ukungu mwepesi wa thina hiyohiyo ya polepole, ikalilainisha tena na kuyaacha maji yatoke.

Voi ni kinyume. Mji uko kwenye tambarare kavu, jua la saa sita halina huruma, na upepo wa vumbi jekundu hauombi ruhusa. Thina ya haraka ikipulizwa saa hizo hukauka ikiwa ingali hewani. Matone yanatua yakiwa nusu unga. Ukipapasa bawa linakwaruza kama msasa, na unga ule haukuyeyusha chochote chini yake, kwa hivyo haukushika. Fundi asiyejua huongeza thina ileile ya haraka, rangi inakuwa maji na inatiririka machozi, na bado inakauka vibaya. Kinachotakiwa ni kubadilisha aina ya thina, usiongeze kiasi. Halafu usizidishe hata hiyo ya polepole: ikiwa nyingi mno hunaswa chini ya tabaka la juu, na rangi hubaki laini kwa majuma.

Ningekuwa mimi, Voi ningepulizia baada ya umande kuondoka na kabla ya saa nne asubuhi, miezi ya Juni hadi Septemba, joto likiwa limepungua kidogo na vuli bado. Bawa likae kivulini usiku kucha ili mbao na kitambaa vianze kazi vikiwa na baridi. Sakafu inyunyiziwe maji kidogo kutuliza vumbi. Ukavu wa Voi unavumilia hilo, Mombasa nisingelifanya. Kipimajoto na kipimaunyevu ving'inie pale pale unapopulizia, si barazani. Andika kila siku kwenye daftari: joto, unyevu, thina gani, kiasi gani. Kijana alidhani namwonea kwa daftari hili. Nikamwuliza usukani alizimua rangi kwa kipimo gani, hakukumbuka.

Jua, uzito, na rangi za gari

Tuko nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta, na poliesta iliyoachwa wazi juani hudhoofika haraka. Tabaka la fedha lina chembe za aluminiamu zinazolala kama magamba ya samaki na kuuzuia mwanga. Namna ya kulipima ni ya kizamani na mimi naipenda: usiku, ingiza taa ndani ya bawa, ukae nje gizani. Ukiona mwanga unapenya, tabaka halijatosha. Lakini usiongeze unga wa aluminiamu kwa fujo ukidhani unajilinda zaidi. Unga ukizidi gundi ya rangi, tabaka lenyewe huachana katikati.

Kila kopo lina uzito. Mkia ukizidi kupakwa, kitovu cha uzito hurudi nyuma na ndege inakuwa ngumu kuitawala. Sehemu zinazogeuka, kama usukani, zikibadilika mizani huweza kutetemeka angani hadi zikavunjika. Kwa hivyo kupaka tena na tena kwa ajili ya kung'ara kunaweza kumwua mtu.

Nasikia sauti za mafundi wa magari: "Si tupige tu rangi ya gari?" Rangi ya gari ya poliuretheni ilikusudiwa bati lisilopinda. Kitambaa hupumua, hucheza na upepo, na rangi ngumu isiyo na kilainishi chake hupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kuna poliuretheni zilizotengenezwa kwa kitambaa cha ndege, zinang'ara sana na petroli haizidhuru, ila zikishakauka hakuna thina inayozilainisha. Kiraka kidogo kinakuwa kazi ya siku mbili za msasa. Ipo pia mifumo ya maji, kama ule wa Stewart, isiyo na harufu kali. Mwenye watoto wanaocheza karibu ningemshauri aifikirie. Maji ya kuzimulia yawe yaliyotoneshwa, si ya kisima cha chumvi, na joto la Voi litamlazimisha kufanya kazi mapema zaidi. Wako Wamarekani waliopaka vindege vyao rangi ya nyumba na vikaruka. Sina ugomvi nao, ila kwa ndege ya kwanza ya mtu, isiyo na mzoefu wa kumsimamia, sioni haja ya kujaribu jambo lisilo na mwongozo.

Mapafu na moto

Wakati wa ile vita ya 1914, dopu ya viwandani Uingereza ilikuwa na kiyeyushi cha tetrakloroethani. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliugua manjano ya ini na baadhi wakafa, mpaka kiyeyushi hicho kikaachwa. Kitambaa hakikuwadhuru, mvuke ndio uliowaua. Nimeona fundi wetu mmoja akijifunga kikoi puani na kuendelea. Kikoi huzuia vumbi kidogo, mvuke hauzuii hata chembe. Kwa dopu na vinili vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na vichujio vibadilishwe. Poliuretheni ina isosayaneti, hiyo inataka hewa safi iletwe kwa bomba kutoka nje. Usiporidhia gharama hiyo, usiitumie.

Na gereji yenyewe! Ukuta mmoja upande wa pili kuna mtu anachomelea mageti. Cheche moja na mvuke wa MEK, ambao ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, vinatosha. Hewa kavu ya Voi ina hatari nyingine: ukisugua poliesta kwa tambara inajaza umeme, ule unaokushtua unapovua sweta. Unganisha kiunzi cha chuma na ardhi kwa waya kabla ya kuanza. Unga mkavu wa dopu ya naitreti sakafuni usifagiliwe ukiwa mkavu, huweza kushika moto kwa msuguano wa ufagio. Mwagia maji kwanza.

Kabla ya kufunga bawa lolote, mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, izungumzishwe, na mtu anayejua aone mbavu, gundi na skrubu zikiwa wazi. Kitambaa kikishapita juu, kosa la ndani halionekani tena. Na vimiminika hivi ni bidhaa za hatari katika usafirishaji, havipokelewi kama kifurushi cha nguo. Agiza mapema, mfumo mzima kutoka kwa mtengenezaji mmoja, soma tarehe kwenye makopo, na ukikosa kopo moja kati ya matano, subiri hilo moja.

Kijana ameukubali ushauri nusu kwa hiari, nusu kwa aibu. Ameng'oa kitambaa chote, amekwangua vanishi hadi kwenye mbao, amepaka epoksi, na juma lililopita tuliijaribu kwa tambara la MEK. Ukucha wangu haukuacha alama. Juu ya paa la gereji kuna fremu mbili ndogo zimefunikwa na kupakwa, moja kwa thina ya haraka, moja kwa ya polepole, zinapigwa jua ili tuzivute zote mbili mwisho wa mwezi na kuona ipi itang'oka kwanza. Mikebe mitatu ya RR8500 iko njiani. Mawingu ya vuli yameanza kujikusanya upande wa Sagalla, na mabawa mawili bado ni mbavu tupu. Ameniuliza kama tukisukuma kazi tunaweza kuyamaliza kabla ya mvua. Nimemwambia ayafunike kwa turubai hadi Januari.